Subaru Impreza WRX (GC8 na GD): kuufanya mguu wa nyuma ushike kona, hatua kwa hatua

BokseriMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali ya miguu ya nyuma ya Impreza yametawanyika kwenye nyuzi nyingi, na karibu majibu yote yanaanza na "nunua baa nene" au "weka koilova" (stratu zenye springi zinazorekebishika urefu). Hapo ndipo pesa inapopotea. Gari nyingi kati ya hizi zina zaidi ya miaka 20, na bushi zake za nyuma (raba zinazounganisha vyuma vya mguu) zimechoka kabla hata hazijashushwa bandarini. Ukiongeza ugumu juu ya mguu uliolegea, unachopata ni gari inayogonga zaidi na bado inayumba. Ondoa ulegevu kwanza, ugumu baadaye. Huo ndio msimamo wangu, na mwenye hoja tofauti aweke na namba.

Uzi unahusu bodi za GC8 (1992–2000) na GD (2000–2007), zile zenye stratu (shokapu iliyovaa springi) nyuma. Hatchback ya GR/GH iliyotoka 2007 na zilizofuata zina wishboni mbili nyuma (amu ya juu na ya chini), kwa hiyo vipimo vya hapa visihamishiwe kule.

Tuelewane kwanza kilichopo chini. Kila upande wa nyuma una stratu moja iliyofungwa kwenye habu (kitovu kinachobeba tairi) kwa bolti mbili, linki mbili za ubavu zinazotoka kwenye krosmemba (chuma kinachokatisha chini ya gari) hadi habu (moja mbele ya ekseli, moja nyuma yake), na trelingi amu moja inayotoka kwenye bodi mbele ya tairi hadi habu. Linki za ubavu huzuia tairi isiende kulia wala kushoto. Trelingi amu huizuia isiende mbele wala nyuma. Halafu kuna baa ya stabilaiza inayounganisha pande mbili ili gari isilale sana kwenye kona.

Maneno mawili yatajirudia sana. Tou ni jinsi tairi inavyoangalia ndani au nje ukiitazama gari kutoka juu. Kemba ni jinsi inavyolala ukiitazama kutoka nyuma. Kwenye gari hizi tou ya nyuma hurekebishwa kwa bolti ya kemu, ile yenye sahani isiyokaa katikati, iliyopo upande wa ndani wa linki ya nyuma. Kemba ya nyuma kiwandani haikuwekewa marekebisho, na hilo tutalirudia.

Sasa angalia kinachotokea bushi ya trelingi amu ikipasuka. Unaingia kona, unaachia mafuta, uzito unahamia mbele, na tairi ya nyuma inapata nafasi ya kusogea milimita chache mbele au nyuma. Ikisogea hivyo, tou inabadilika palepale bila wewe kugusa usukani. Dereva anasema "mkia umetoka". Kwa kweli tairi imegeuka yenyewe. Hakuna baa itakayotibu hilo.

Mpangilio ninaoupendekeza: tairi na upepo, beringi na bushi, shokapu na topu maunti (kishikio cha raba juu ya stratu), alaimenti (upangaji wa pembe za tairi), baa, na mwisho springi. Ukifika katikati gari ikakuridhisha, ishia hapo.

---

KonaZaKitonga

Shukrani mkuu. Naweka mfano halisi. GDA (WRX ya bodi ya GD) ya 2003, sedani, tairi 215/45R17. Ina springi za kushusha, imeshuka kama sentimita 4, shokapu ni zilezile za asili. Kwenye kona mbele inasukuma kwenda nje. Ukiachia mafuta nyuma inaruka upande, hasa penye viraka vya lami. Kuna mlio wa "ko ko" nyuma kushoto kwenye matuta. Fundi anashauri baa ya milimita 24. Niende nayo?

---

Mtaimbo

Mkuu, baa iache kwanza. Sentimita 4 kwa shokapu za asili ni tatizo linalojitosheleza.

Stratu ina safari yake ya kupanda, na mwisho wake kuna raba ya kizuizi. Ukishusha gari sentimita 4 umekula sehemu kubwa ya safari hiyo. Gari ikilala kwenye kona, stratu ya nje inaegemea raba. Hapo springi inakuwa kama imegeuka jiwe ghafla: mzigo wote unaruka kwenye tairi moja, mshiko unakatika, na penye kiraka tairi inadunda badala ya kufuata barabara. Kule "kuruka upande" unakokueleza kunafanana na hilo kabisa.

La pili ni pembe ya linki. Pita nyuma ya gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, tazama linki za ubavu. Zinapaswa kulala karibu sawa na ardhi au kuinamia kidogo upande wa tairi. Zikiwa zimepanda kuelekea tairi, kitovu cha mlalo (nukta ambayo bodi inalala kuizunguka) kimeshuka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka, na gari italala zaidi kwenye kona japo umeishusha ili isilale. Kwa stratu za Impreza, milimita 20 hadi 25 chini ya asili ndipo ningesimama kwa gari ya barabarani.

Mlio wa "ko ko" utafute hivi. Inua nyuma yote, tairi mbili hewani, stendi chini ya sehemu za kuinulia za pembeni. Usiinue upande mmoja tu, kwa sababu baa inabaki imejipinda na itakudanganya.

Shika tairi saa 12 na saa 6, itikise. Ikicheza, beringi ya habu imekwisha, na beringi za nyuma za gari hizi huchoka mapema. Shika saa 3 na saa 9. Ikicheza hapo na si kule juu na chini, ulegevu uko kwenye linki za ubavu au bolti ya kemu. Kisha chukua mtaimbo, uingize kati ya linki na krosmemba, sukuma taratibu. Bushi nzima hujinyonga kidogo na kurudi. Mbovu utaona chuma cha ndani kikitembea peke yake, au mpasuko unaofunguka kama mdomo. Rudia kwenye trelingi amu, bushi ya mbele hasa, maana ndiyo inayokufa kwanza.

Linki fupi za stabilaiza (zinazounganisha baa na mguu) shika kwa mkono tu. Baadhi ya GD zilitoka na linki za plastiki, na zikilegea hutoa mlio uleule. Mwisho, mtu akitikisa gari ikiwa chini, weka kiganja juu ya topu maunti ndani ya buti baada ya kutoa kapeti. Ukihisi pigo mkononi, raba ya topu imeachana na chuma.

Shokapu yenyewe: mafuta yakiwa yamelowesha mwili wake kuanzia juu, imekufa. Unyevunyevu mwembamba wenye vumbi chini ya sili si kifo bado.

---

UpepoNaRaba

Naongeza la tairi, fupi. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya utengenezaji) ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zina kashata (meno ya tairi) ndefu lakini raba imekauka, na kwenye mvua nyuma itatoka hata ukiweka shokapu za thamani ya gari. Zaidi ya miaka sita, kwa gari ya kona, mimi siiweki.

Upepo anzia psi 33 mbele na 32 nyuma, tairi zikiwa baridi, kisha badilisha psi 1 au 2 kwa mara moja. Na tafadhali, tairi zote nne ziwe za saizi na chapa moja. Gari hii inavuta miguu yote. Mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya milimita 6, ambazo ni sawa na tofauti ya kina cha kashata ya takriban milimita 1. Ukizidisha hapo, kapulingi ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) kwenye giaboksi ya manyuo (manual) inafanya kazi muda wote hata kwenye njia iliyonyooka, inapata joto na kufa. Kwa hiyo kuweka tairi pana nyuma peke yake, kama wanavyofanya wenye gari za kuvuta nyuma, hapa hakuna.

---

BokseriMbili

Sasa bushi, kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibika.

Adui wa kwanza ni bolti ndefu ya nje. Inapita kwenye linki ya mbele, habu, na linki ya nyuma, yote kwa mpigo mmoja, na inashikana kutu na chuma cha ndani cha bushi. Gari iliyotoka maeneo ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, au iliyokaa miaka karibu na bahari, itegemee kuwa ngumu. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Legeza nati, kisha irudishe hadi iwe sawa na ncha ya bolti ndipo ugonge, ili uzi wa bolti usiharibike. Jaribu kuizungusha kabla ya kuigonga: ikizunguka pamoja na chuma cha bushi, bado imeshikana. Ikikataa kabisa, kata kwa msumeno wa chuma kati ya linki na habu, pande zote mbili. Kwa hiyo bolti mpya na nati zake ziwepo mkononi kabla hujaanza. Wakati wa kurudisha, paka grisi ya shaba kwenye mwili wa bolti, usipake kwenye uzi, maana uzi wenye grisi unakaza zaidi ya unavyosoma kwenye spana ya toki.

Weka alama ya kemu kwa msumari au rangi kabla ya kuigusa. Haitakupa alaimenti kamili baada ya kazi, ila itakufikisha kwenye mashine gari ikienda.

Kutoa bushi tumia presi ya haidroliki yenye vikombe vya saizi sahihi. Nyundo hupindua mdomo wa linki. Bushi zenye matundu kwenye raba zina mwelekeo, chora mstari kwenye amu kabla ya kuitoa.

Na hili ndilo linaloua bushi mpya ndani ya miezi michache: fundi anakaza bolti zote tairi zikiwa zinaning'inia. Bushi ya raba imegandishwa kwenye vyuma vyake, haizunguki, inajinyonga tu. Ukiikaza mguu ukiwa chini kabisa, gari ikishuka kwenye tairi bushi inakaa imenyongwa muda wote, inainua nyuma ya gari kidogo, na inapasuka. Kabla ya kuinua gari pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa matao ya bodi, andika. Ukimaliza kufunga, weka jeki chini ya habu, pandisha hadi kipimo kilekile, ndipo ukaze kwa toki ya kitabu cha modeli yako. Ukiweza kupandisha gari kwenye rampu tairi zikiwa zimebeba uzito, ni bora zaidi.

Raba au poliyurithani? Kwenye linki za ubavu poliyurithani inafanya kazi, kwa sharti uipake grisi yake iliyokuja nayo, si grisi ya beringi. Kwenye trelingi amu mimi naipinga. Bushi ile inapinda pande nyingi kwa wakati mmoja, na poliyurithani ngumu inaibana amu. Mguu ukibanwa, springi haisomeki tena. Hapo raba ngumu za Group N (za mashindano) kutoka STI, kitengo cha michezo cha Subaru, ni chaguo la akili zaidi.

---

EJ_Nairobi

Wakubwa, nawasikia, lakini mnaidharau baa. Impreza ina uzito karibu asilimia 60 mbele na inasukuma pua nje tangu kiwandani. Baa ya nyuma ya 24 ndiyo kitu cha bei nafuu kinachobadilisha gari kwa siku moja. Kwenye lami kavu tofauti inaonekana kona ya kwanza.

---

MhandisiWaMiguu

Ndugu EJ, inaonekana, nakubali. Tuangalie kwa nini.

Baa ya nyuma haiongezi mshiko wa nyuma. Inaupunguza. Inahamisha mzigo zaidi kutoka tairi ya ndani kwenda ya nje upande wa nyuma, na hivyo mbele inabaki na kazi ndogo ya kuzuia mlalo, tairi zake zinabebana vizuri zaidi. Pua inaingia kona kwa sababu nyuma imetoa sadaka. Kwa gari inayosukuma pua ni biashara nzuri, kwa kipimo.

Ugumu wa baa isiyo na tundu unakwenda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Ukitoka 20 kwenda 22, umeongeza asilimia 46. Kutoka 20 kwenda 24, zaidi ya mara mbili. Kutoka 17 kwenda 22, karibu mara 2.8. Baa za asili za gari hizi zinatofautiana sana kwa mwaka na soko, kwa hiyo pima yako kwa kalipa kwenye chuma kitupu, ukishakwangua rangi iliyovimba. Mwenye 17 akiruka hadi 24 amezidisha karibu mara 4 kwa mkupuo mmoja. Barabara ikilowa, gari ile inamgeuka.

Kisha urefu wa mkono. Baa zenye matundu mawili au matatu mwishoni: tundu la ndani hufupisha mkono, na ugumu hupanda kwa mraba wa ufupi huo. Mkono wa milimita 200 ukiwa 180, umeongeza asilimia 23. Ndiyo maana 22 yenye matundu naipendelea kuliko 24 isiyo na nafasi ya kurudi nyuma.

Jambo lingine, vishikio vya baa. Vile vya asili vya GD vilitengenezwa kwa baa nyembamba, na kwa 22 vinapinda au kupasuka. Ukinunua baa nunua na vishikio vizito, pamoja na linki fupi za chuma. Bushi zake za kati zipake grisi ya silikoni. Linki zinazorekebishika zifunge gari ikiwa chini na uzito wa dereva kitini, bolti ziingie bila kuvutwa. Ukilazimisha, umeweka mzigo upande mmoja kabla ya kona yoyote.

---

EJ_Nairobi

Hesabu imekaa, ndugu. Nabaki na hoja moja: mwenye difu ya nyuma yenye LSD ya mekanika (inayozuia tairi moja kuzunguka bure), gari ya kiwanja pekee, 24 ina kazi yake.

---

MhandisiWaMiguu

Hapo nakubaliana nawe. Kama difu haina LSD, baa nzito inainua tairi ya ndani ukiwa unatoka kona, nguvu inakimbilia hewani, na ulichopata kwenye kuingia unakipoteza kwenye kutoka.

---

DadaTurbo

Jamani, upande wa pili wa shilingi. Barabara za mitaani ni mbovu, watu wanafunga spesa juu ya stratu au wanaweka stratu za Forester ili gari ipande. Nyuma inaathirika vipi?

---

Mtaimbo

Dada, swali zuri, maana wanaopandisha ni wengi kuliko wanaoshusha.

Spesa ya juu ya topu maunti haibadilishi springi wala safari ya stratu. Inasogeza bodi juu tu. Linki zinaelekea chini zaidi, na mguu ukining'inia kwenye shimo, ekseli na bolijoiti za stabilaiza zinafika mwisho wa pembe yake kabla ya stratu. Milimita 20 gari inavumilia. Kuanzia 40 utaanza kubadilisha buti za ekseli mara kwa mara.

Stratu za Forester zinaingia, na zinapandisha kweli, lakini springi zake zilipangwa kwa gari ndefu kwenda juu na uzito tofauti. Zikiwekwa nyuma peke yake, nyuma inapanda kuliko mbele, uzito unaelemea pua, na tatizo la kusukuma nje linakua. Weka zote nne au usiweke. Na hakikisha si zile za nyuma zinazojiinua zenyewe kwa mzigo: zikichoka, nyuma inakaa chini moja kwa moja.

Kwa barabara mbovu kinachosaidia ni urefu wa safari na shokapu nzima. Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 ilikuwa juu, yenye safari ndefu. Tairi isiyogusa ardhi haishiki kona.

---

MhandisiWaMiguu

Shokapu na springi basi.

Kwa mwenye springi za urefu wa asili, KYB Excel-G inarudisha gari karibu na ilivyotoka. New SR Special ya kampuni hiyohiyo ina mrejeo (shokapu inaporefuka) mgumu zaidi na inafaa kwa springi za kushuka kidogo. Badilisha mbili kwa pamoja kwenye ekseli moja, na topu maunti mpya, na raba za kizuizi mpya. Raba ya zamani ikishaoza inabaki unga, na stratu mpya itagonga chuma kwa chuma.

Kabla ya kuchagua springi, fanya hesabu ya mara ngapi nyuma inapumua (inapanda na kushuka) kwa sekunde. Chukua gari ya kilo 1,400, nyuma ina kama 560, kila upande 280. Toa kilo 40 za tairi, habu na breki, zinabaki 240 juu ya springi. Springi ya kilo 3 kwa milimita, kwa pembe ya stratu hizi, inafika kwenye tairi kama niutoni 26.6 kwa milimita. Jibu ni karibu mara 1.7 kwa sekunde, kiwango cha gari ya michezo ya barabarani. Koilova ya kilo 6 inakupeleka karibu mara 2.4. Hicho ni kiwango cha kiwanja laini kama meza. Kwenye lami yenye viraka tairi itadunda, na kila inapokuwa hewani huna mguu. Kwa barabara zetu nisingevuka kilo 4 hadi 4.5 nyuma.

Koilova zenye mwili wa chini unaozunguka: urefu wa gari rekebisha kwa mwili huo, usikaze springi kwa kola ya juu. Kola ibane springi isicheze, milimita 0 hadi 5 za mkazo zinatosha. Gari ikiwa imesimama, angalau theluthi moja ya safari ya stratu iwe imebaki ya kushuka.

Kitufe cha ugumu anza katikati. Vitufe vingi vya bei ya kati vinabadilisha mrejeo kuliko mkandamizo (shokapu inapofupika). Ukikaza mno, mguu unapanda kwenye tuta la kwanza, haujarudi chini, la pili limefika. Nyuma inazidi kuzama tuta baada ya tuta hadi inakaa kwenye raba. Dalili ni gari inayoanza vizuri kwenye mfululizo wa mawimbi kisha ikaanza kuruka. Legeza klik mbili, pita tena.

---

UziNaRula

Alaimenti ya nyuma unaweza kuikagua nyumbani kwa uzi wa uvuvi, stendi nne na rula ya milimita. Mashine za mtaani nyingi zinarekebisha mbele tu na kuachana na nyuma, kwa hiyo ni vyema ujue unachokitaka kabla hujaenda.

Sakafu iwe tambarare. Upepo sawa, tanki nusu, mifuko ya mchanga ya kilo 75 kwenye kiti cha dereva, usukani katikati. Isukume gari mbele mita chache kwa mkono, usiipandishe jeki tena. Funga uzi kila upande, kimo cha katikati ya habu, kuanzia mbele ya gari hadi nyuma. Nyuzi mbili ziwe sambamba: umbali kati yake mbele uwe sawasawa na nyuma. Kisha kila uzi uwe umbali sawa kutoka kifuniko cha habu cha kushoto na cha kulia kwenye ekseli hiyohiyo. Usilinganishe habu ya mbele na ya nyuma, maana upana wa miguu ya mbele na nyuma haulingani.

Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele ya rimu na nyuma yake. Mbele ikiwa mbali na uzi kwa milimita 1 zaidi, tairi hiyo inaangalia ndani milimita 1. Kwenye rimu ya inchi 17 hiyo ni digrii 0.13. Nyuma ya gari ya barabarani nataka 0 hadi milimita 2 ndani kwa jumla, zikigawanywa sawa kushoto na kulia. Kushoto ikiwa 3 ndani na kulia 1 nje, jumla inasomeka 2, lakini ekseli inasukuma gari upande na usukani utakaa umepinda. Tou ya nje nyuma usiiweke kabisa kwenye gari inayotembea barabarani. Inageuka haraka, kweli, na kwa kasi kwenye maji haikupi nafasi ya kusahihisha.

Kemba: ning'iniza timazi mbele ya tairi, pima tofauti ya ukingo wa juu na wa chini wa rimu. Kwa inchi 17, milimita 7.5 ni digrii 1. Nyuma lenga -1.0 hadi -1.5, na mbele iwe sawa au zaidi kidogo. Mkuu KonaZaKitonga, kwa sentimita 4 ulizoshuka, tazama ukingo wa ndani wa tairi zako za nyuma. Bila shaka umeanza kuliwa.

---

KonaZaKitonga

Umeliwa kweli, ukingo wa ndani umebaki laini. Sasa kemba ya nyuma nairekebishaje kama kiwandani hawakuweka?

---

UziNaRula

Njia mbili. Ya kwanza ni linki za ubavu zinazorekebishika, zote nne. Ukirefusha ya mbele na ya nyuma kwa kipimo kilekile, chini ya tairi inasogea nje na kemba hasi inaongezeka, ukifupisha inapungua. Ukirefusha moja tu umebadilisha tou. Wanaonunua mbili za nyuma pekee hujikuta wanapigana na tou na kemba haiendi popote.

Ya pili, ya bei nafuu, ni bolti ya kemu kwenye tundu la juu la stratu na habu. Inatoa takriban digrii moja. Bolti yake ni nyembamba kuliko ya asili, hivyo uso wa chuma usafishwe rangi na mafuta, ikazwe kwa toki ya mtengenezaji wake, na uchore mstari wa rangi kuvuka kichwa chake na stratu. Mstari ukihama, imeteleza.

Kwa gari yako lakini, rudisha urefu kwanza. Ukiipandisha sentimita 2, nusu ya kemba hiyo itarudi bila kununua kitu.

---

BokseriMbili

Nami naunga mkono. Kwa KonaZaKitonga ningeenda hivi: springi za asili au za kushuka milimita 20, shokapu mpya nyuma na topu zake, bushi za trelingi amu, linki fupi za chuma, alaimenti. Kisha uiendeshe mwezi mzima. Ikiwa pua bado inasukuma nje, baa ya 22 kwenye tundu la nje kabisa, pamoja na vishikio vizito.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati na uandike. Pua ikisukuma wakati wa kuingia, tafuta jibu mbele: kemba ya mbele, upepo wa mbele. Ikisukuma wakati wa kutoka ukiwa umekanyaga mafuta, ndipo baa ya nyuma inasaidia. Mkia ukitoka taratibu na kurudi, punguza tundu moja la baa. Ukitoka ghafla katikati ya kona, fungua buti la stratu utazame raba ya kizuizi. Ikiwa na alama mpya za kubanwa, safari imeisha.

Majaribio haya yafanyike kiwanjani palipofungwa, koni na nafasi ya kukosea. Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu kuna malori yenye breki za moto na watu pembezoni.

Baada ya kilomita 100 hadi 200 pitia bolti zote ulizozigusa kwa spana ya toki, gari ikiwa chini: linki, trelingi amu, bolti mbili za stratu, vishikio vya baa, na nati za tairi. Kagua mstari wa rangi kwenye kemu. Ukikuta bolti imelegea, ifungue uitazame kwanza. Mara nyingi kuna rangi, mchanga au kutu iliyobanwa katikati, na ukikaza juu yake italegea tena.